Kifungo cha Kola ya Besi

Mtaani kwetu asubuhi haikuanza kwa jogoo. Ilianza kwa Besi.

Besi alikuwa fundi bati. Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye mlango mpana unaotazama barabara. Ukutani zilining'inia mikasi ya kukatia bati, nyundo za mbao na mizunguko ya waya. Alitengeneza ndoo, makopo na mifereji ya maji ya mvua. Lakini kabla ya kushika nyundo, alikaa kwenye kiti, akapakata tarumbeta kubwa kuliko yote ya bendi ya mtaa, lile la sauti nzito lililompa jina. Akavuta pumzi. Akapuliza.

Sauti ile ilipita chini ya milango. Vikombe vilihama mezani. Nasikia mtaa wa tatu kulikuwa na kuku ambaye hakutaga mpaka asikie tarumbeta. Siku Besi aliposafiri, kuku aligoma.

Hapo nimetia chumvi, najua. Nitatia tena, maana nimestaafu na sina kazi nyingine. Lakini habari ya ugonjwa wa Besi sitaitia chumvi hata kidogo. Nyinyi wenyewe mtajua kipi ni kipi.

Mkewe alikuwa fundi wa nguo. Cherehani yake ilikaa chumba cha nyuma, chini ya dirisha. Mume akigonga bati, mke alikanyaga cherehani kwa mdundo uleule. Ndiye aliyeshona sare za bendi, na futi yake ya kupimia ilikuwa shingoni mwake tangu asubuhi hadi jioni, kama mkufu.

Bendi yenyewe ilikuwa na mambo yake mawili. La kwanza ni kopo. Besi alilitengeneza zamani kwa bati zuri, na kila mara kabla ya kupiga, bendi nzima ilikunywa maji kwa kopo hilohilo, mmoja baada ya mwingine. Besi, kwa kuwa mkubwa wa wote, alianza, na ndiye aliyemalizia. Kunywa pamoja ndiyo kupiga pamoja, walisema.

La pili ni mafundo ya pumzi. Wapulizaji waliamini kwamba mtu akipuliza miaka mingi, pumzi humwachia mafundo shingoni. Besi alikuwa nayo, yamejipanga chini ya taya, upande huu na upande ule. Kiongozi wa bendi, mzee mwembamba aliyeitwa Fimbo kwa sababu ya kifimbo chake cha kuongozea, aliwaonyesha wanafunzi.

"Tazameni shingo hiyo," alisema. "Hiyo ndiyo shahada. Nyinyi shingo zenu bado laini kama za bata."

Besi alivimbisha kichwa. Nani asingevimbisha?

*

Mwaka huo bendi ilitaka sare mpya za mashindano. Mashindano yalikuwa mbali bado, lakini kitambaa kilikuwa kimefika. Koti lilikuwa la buluu, lenye kola ndefu inayosimama na kifungo cha shaba chini ya kidevu. Kuhusu kifungo kile, Fimbo hakuwa na mchezo.

"Kola wazi, mtu nje," alitangaza. "Asiyefunga kola hapandi jukwaani."

Mke wa Besi alimvalisha mumewe koti la kujaribia. Akavuta kola. Kifungo hakikufika kwenye tundu lake.

"Baba watoto, usivimbe."

"Sijavimba."

"Basi nani kavimba? Nilikupima juzijuzi tu. Futi yangu haidanganyi."

"Labda imerudi. Umeifua?"

"Nani anafua futi?"

Besi alicheka. "Ni mafundo ya pumzi, mama watoto. Yanakua pamoja na sifa zangu."

"Sifa zako zipunguze, kitambaa kimekwisha. Haya, nyanyua mkono nipime mkono wa koti."

Alinyanyua mkono. Mkewe alipitisha futi kwapani, vidole vyake vikasimama. Palikuwa na fundo. Laini, la mviringo, kama harage lililorowekwa. Alilibonyeza.

"Linauma?"

"Haliumi. Pumzi hiyo."

"Pumzi ya kwapani?"

"Ndiyo."

"Kwani siku hizi unapuliza kwa kwapa?"

Besi alifungua mdomo, akaufunga. Mkewe alihamia upande wa pili. Huko nako palikuwa na fundo. Akakumbuka kwamba tangu msimu wa baridi mumewe amekuwa mtu wa mafua na kikohozi. Kinapoa, kinarudi.

Alivingirisha futi yake taratibu.

"Kesho hatugongi bati," alisema. "Kesho tunakwenda kwa daktari."

*

Zahanati ilimpima damu. Matokeo yakawapeleka hospitali kubwa, kliniki ya magonjwa ya damu. Huko alipimwa tena. Daktari aliwakalisha, akawaeleza kwa upole na bila haraka. Alisema ugonjwa unaitwa lukemia sugu ya limfositi. Alisema ni saratani ya damu, ya aina inayokwenda polepole. Alisema mengine mengi. Kisha akawapeleka chumba cha pili, kwa muuguzi wa kliniki hiyo, mwanamke mnene mwenye kicheko cha ghafla.

"Mzee wangu," muuguzi alianza, "daktari kasemaje?"

"Kasema saratani."

"Na baada ya hapo?"

"Baada ya hapo nimesikia kelele masikioni tu."

"Wengi husikia hizo kelele. Kaa vizuri, tuanze mwanzo. Unafanya kazi gani?"

"Fundi bati. Na napiga besi kwenye bendi."

"Bendi! Umenirahisishia kazi." Muuguzi akasogeza kiti. "Sikia. Damu yako ina chembe za aina kadhaa. Chembe nyekundu hubeba hewa. Nyingine huzuia damu isimwagike ukijikata. Nyeupe ni walinzi, hupigana na vijidudu vya maradhi. Chembe hizi huzaliwa ndani ya mifupa. Zinafanya kazi, zinazeeka, zinakufa, zinakuja mpya. Ni kama ukumbi wa bendi. Wapya wanaingia, waliomaliza wanakwenda nyumbani."

"Sawa."

"Sasa chukulia wameingia wapigaji wa aina moja, hawajui kupiga, na kwenda nyumbani hawaendi. Wamekaa tu. Kesho wanaingia wenzao kama wao. Wanajaa vitini, wanajaa ngazini, wanajaa mlangoni."

"Fimbo angewatimua," Besi alisema.

"Mwilini mwako Fimbo kashindwa. Hao ndio chembe nyeupe zilizoharibika. Zikijaa kwenye tezi, tezi huvimba: shingoni, kwapani, kwenye kinena. Wakati mwingine zinajaa kwenye wengu, hapa chini ya mbavu za kushoto."

"Si pumzi, basi."

"Pumzi haijawahi kumletea mtu uvimbe wa kwapa, mzee wangu."

Mkewe alimtazama mumewe kwa jicho la nilikwambia.

"Lakini kama nina walinzi wengi," Besi alibisha, "si ndio nguvu?"

"Wengi wasiofanya kazi. Wale wazuri wanakosa nafasi. Ndiyo maana kikohozi kinakurudia."

Mkewe aliuliza swali lililokuwa limemkaa kooni. "Nani kampa?"

"Hakuna aliyempa. Chembe moja iliharibika ilipokuwa inajigawa, ikazaa nyingine mbovu kama yenyewe. Kwa nini, kwa wengi hatujui. Huwapata zaidi watu wa umri mkubwa. Hakuna aliyemroga. Hakuambukizwa, wala yeye hamwambukizi mtu. Lala naye, kula naye, mkumbatie."

"Sawa. Sasa dawa," Besi alisema, akanyoosha mkono kama mtu anayepokea chenji.

"Leo hakuna dawa."

Mke wa Besi alisimama. Kiti kilianguka nyuma yake.

"Mmemkatia tamaa! Saratani, halafu mnasema arudi nyumbani? Hata ndoo ikitoboka, mume wangu huiziba siku hiyohiyo!"

"Kaa, mama yangu, kaa. Hakuna aliyekata tamaa hapa." Muuguzi aliinua kiti mwenyewe. "Wako wagonjwa wa aina hii waliopewa dawa mapema, kabla hawajapata shida. Walitazamwa miaka mingi. Hawakuishi zaidi ya wale waliongoja. Walichopata zaidi ni madhara ya dawa. Mumeo sasa anakula vizuri, analala vizuri, uzito haujashuka, damu yake inatosha. Wengine hukaa hivyo miaka. Wako ambao hawaji kuhitaji dawa kabisa."

"Kwa hiyo tukae tu?"

Muuguzi alimgeukia Besi. "Mzee, katika wimbo, besi hupiga mwanzo hadi mwisho?"

"La. Kuna sehemu ya kunyamaza."

"Wakati huo unalala?"

"Nilale!" Besi alikasirika kidogo. "Nahesabu. Tarumbeta liko tayari, macho kwa Fimbo. Kunyamaza ni kugumu kuliko kupiga. Ukihesabu vibaya, unauvuruga wimbo mzima."

"Basi huko ndiko ulipo sasa. Hujatoka kwenye wimbo. Unahesabu, na sisi tunahesabu pamoja nawe. Kila baada ya miezi michache unakuja, tunapima damu, tunashika tezi. Wakati wa dawa ukifika, tutakupa ishara."

Besi aligonga goti kwa kidole, moja, mbili, tatu, nne. Kisha akasema polepole, "Hilo nimelielewa."

"Sasa sikieni ya nyumbani. Homa ikipanda, au mwili ukitetemeka, unakuja hospitali siku hiyohiyo. Husubiri ipoe. Walinzi wako ni dhaifu, na maradhi madogo yanaweza kukuangusha haraka. Chanjo za mafua na za homa ya mapafu utachomwa. Lakini kila unapochomwa chanjo, taja kwanza ugonjwa wako, maana zipo zenye vijidudu hai, na hizo si zako. Nawa mikono. Kaa mbali na wenye vikohozi. Chakula kiive vizuri."

"Na mizizi?" Besi aliuliza. "Kuna mtu ana mizizi ya kusafisha damu."

"Usinywe kitu bila kutuambia. Hata kama ni cha rafiki yako."

"Na ishara zipi nizitazame mimi?" mkewe aliuliza. Alikuwa ameshika ncha ya futi yake.

"Kukonda bila sababu. Jasho jingi la usiku, la kulowesha shuka. Kuchoka na kukosa pumzi. Tezi kukua haraka. Michubuko au damu kutoka ovyo. Ukiona, msingoje siku ya kliniki."

Mama yule hakuandika kitu. Alikuwa mtu wa kukumbuka vipimo.

*

Mitaa haifichi siri. Kabla Besi hajapanga la kusema, bendi ilikwisha kusema.

Siku ya mazoezi, ukumbi ulikuwa kimya kuliko kawaida. Kiti cha Besi kilikuwa peke yake pembeni, kama kilichofanya kosa. Besi alilijaza kopo maji, akanywa, akampa mpiga tromboni. Huyu walimwita Vuta-Sukuma, kwa vile alivyovuta na kusukuma ala yake. Vuta-Sukuma alilipokea kopo kwa vidole viwili. Akalitazama. Akamwaga maji dirishani.

"Sina kiu leo, mzee," alisema, akakohoa.

Mwenzake naye hakuwa na kiu. Wala wa tatu. Ajabu ya bendi nzima kukosa kiu siku ya joto!

Besi alisimama. Alilifunga tarumbeta kwenye kitambaa chake, akalichukua kopo lake, akaenda nyumbani. Kesho yake mtaa haukusikia besi. Wala keshokutwa yake. Watu walichelewa kazini. Maziwa yaligoma kuganda. Fundi alikaa karakanani na nyundo mapajani, akitazama barabara.

"Mwezi ujao wanaweza kumpa tarumbeta mtu mwingine," alimwambia mkewe. "Watakuwa na haki. Bendi haiwezi kuogopa besi wake."

"Watakuwa na haki wapi?" mkewe alisema. "Kila mmoja wao anavaa suruali niliyoishona mimi. Nawajua viuno vyao. Nitakwenda."

Na akaenda. Aliingia ukumbini katikati ya wimbo, futi shingoni, akasimama mbele ya Fimbo. Wimbo ulikufa taratibu, ala moja baada ya nyingine.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Lakini tuko kwenye…"

"Naona mlipo. Nina swali moja. Nani kati yenu anaogopa kopo la mume wangu?"

Walitazama viatu vyao.

"Shemeji, si kuogopa," Vuta-Sukuma alisema. "Ni tahadhari. Saratani ya damu hiyo. Na sisi tuna watoto." Akakohoa tena.

"Hicho kikohozi unacho tangu lini?"

"Hiki? Wiki hii. Mafua tu."

"Mafua tu! Basi nisikilizeni. Ugonjwa wa mume wangu haumrukii mtu. Hauruki kwa kopo, kwa tarumbeta wala kwa mkono. Ni chembe zake mwenyewe zilizoharibika, zimekaa ndani yake, hazina miguu. Mimi nalala naye kitanda kimoja. Mnaniona nimevimba?"

Mmoja alicheka, akajizuia.

"Lakini walinzi wake wa damu ni dhaifu. Mafua yako wewe, shemeji, ambayo ni mafua tu, yeye yanaweza kumlaza kitandani hospitalini. Siku ile uliponyima kopo lake midomo yako, ulimwokoa bila kujua. Kati yenu na yeye, anayepaswa kuogopa ni yeye!"

Vuta-Sukuma aliweka tromboni chini.

"Shemeji," alisema, "nimefanya nini mimi?"

"Umekohoa mbele ya watu bila kuziba mdomo. Anza hapo."

Fimbo alikuna kidevu kwa kifimbo chake. "Lakini kopo letu, mwanangu. Kunywa pamoja…"

"Mzee wangu, mume wangu ni fundi bati. Mnadhani bati limeisha duniani?"

Kufikia jioni ya pili, nyundo zililia karakanani. Besi alikata bati, akalizungusha, akalehemu, akasugua. Alitengeneza kopo kwa kila mtu wa bendi. Kila kopo alilipiga alama yake: ngoma kwa mpiga ngoma, matoazi kwa mpiga matoazi. Kopo la Vuta-Sukuma alilichora mtu anayekohoa. Siku ya mazoezi waliyainua yote kwa pamoja, wakanywa kwa pamoja, na sauti ya makopo yale yakigongana ilipendeza kuliko wimbo wenyewe. Mwenye mafua alibaki nyumbani, na hakuna aliyemwita mvivu.

Kesho yake asubuhi mtaa uliamshwa na besi. Yule kuku alitaga yai lenye viini vitatu.

*

Palibaki kola. Mkewe alishona kitanzi cha uzi mweusi pembeni mwa tundu, kifungo kikakamata hapo, kidogo tu mbele ya mahali pake. Aliyekaribia angeona pengo. Fimbo alikaribia, akatazama, akajikuna jicho.

"Leo nina vumbi machoni," alisema. "Siwezi kukagua kola."

Miezi ikapita. Besi alikwenda kliniki kila alipoitwa. Alichomwa chanjo zake. Na mkewe alipima, kila mwisho wa mwezi, shingo, kifua na kiuno, kama anayemshonea suti isiyokwisha.

Mashindano yalipoanza kukaribia, futi ilibadilika. Kiuno kilipungua. Mwezi uliofuata kikapungua tena. Shingo ikaongezeka, hata kitanzi kikaanza kukaza. Shuka za Besi zikawa za kukamua asubuhi. Na alipokuwa akipanda ngazi kufunga mfereji wa maji, alisimama katikati kutafuta pumzi.

"Ni umri," alisema.

"Umri ulikuwa nao mwaka jana pia," mkewe alisema. Akapiga simu kliniki. Wakaambiwa waje siku mbili baadaye. Mashindano yalikuwa kesho yake.

Asubuhi ya mashindano bendi ilijipanga mbele ya karakana, makoti ya buluu, shaba inang'aa. Besi alitoka amevaa sare kamili. Mkewe alimkaribia kumfunga kifungo. Alipogusa shingo, mkono wake ulirudi.

"Unaungua."

"Ni jua."

"Jua halijachomoza vizuri, Baba watoto."

Besi alitazama bendi. Aliiona njia ya kwenda ukumbini, aliliona jukwaa. Meno yake yalianza kugongana. Kwa mtu kama yeye, wimbo mmoja tu ulikuwa unatosha. Wimbo mmoja, kisha hospitali. Nani angejua?

Mkewe aliachia kifungo. Alimtazama tu.

Besi alivua koti. Akamwendea Fimbo.

"Kiongozi, nina homa. Naambiwa homa haisubiri wimbo."

"Tutapigaje bila besi?"

"Vibaya," Besi alisema. "Lakini nikihesabu vibaya leo, mwakani pia mtapiga bila besi."

Fimbo alishusha kifimbo chake. Kisha akageuka, akawapigia kelele wapigaji wake: "Mnashangaa nini? Mtafutieni mzee gari!"

*

Hospitalini hawakuchelewa. Mkewe alisema neno moja mlangoni, lukemia, na la pili, homa, na milango ikafunguka. Ilikuwa homa ya mapafu. Walimtundikia dawa kwenye mshipa siku ileile.

"Mngengoja kesho," muuguzi wa kliniki alisema alipokuja kumwona, "tungekuwa tunaongea habari nyingine."

Siku ya tatu homa ilishuka. Fimbo aliruhusiwa kuingia, amenawa mikono hadi viwikoni, amevaa barakoa.

"Tumekuwa wa ngapi?" Besi aliuliza.

"Usiulize."

"Wa mwisho?"

"Wa mwisho walikuwa mbele yetu. Vuta-Sukuma alijaribu kushika tarumbeta lako. Lilitoa sauti ya ng'ombe aliyekaliwa."

Besi alicheka hadi akakohoa, na yeye aliziba mdomo.

Alipopata nguvu, daktari alikuja na majibu. Chembe nyekundu zilikuwa zimepungua, ndiyo sababu ya kukosa pumzi ngazini. Tezi na wengu vilikuwa vimekua. Kukonda na jasho vilikuwa vimekwisha kueleza mengine.

"Sasa?" Besi aliuliza.

Muuguzi, aliyesimama nyuma ya daktari, aliinua mkono juu kama mwenye kuongoza bendi, akaushusha.

"Sasa ni zamu yako," alisema.

Dawa ilikuwa vidonge, vya kumeza kila siku nyumbani. Daktari alimweleza wazi: haviufuti ugonjwa, ila huutuliza, na wengi huishi nao wakifanya kazi zao kwa miaka. Asiviache hata akijisikia mzima. Akisahau, asimeze mara mbili kufidia bila kuuliza. Asile balungi, maana linagombana na vidonge hivyo. Asichanganye na mizizi ya rafiki.

Wiki za mwanzo hazikuwa tamu. Tumbo lilimsumbua, na michubuko ilimtokea mikononi kwa kugongwa kidogo tu. Hakunyamaza, alisema kliniki, wakamrekebishia. Alivaa glavu nene kukatia bati. Mkewe aliendelea kupima.

Kiuno kilisimama. Kisha kikaongezeka. Shuka zikawa kavu. Siku moja alipanda ngazi hadi juu, akakaa kwenye ukingo wa paa akiimba, mpaka mwenye nyumba akamwomba ashuke, watoto wanalala.

*

Mwaka ulizunguka. Asubuhi ya mashindano bendi ilijipanga tena mbele ya karakana. Kila mtu na kopo lake kiunoni. Besi alitoka na koti la buluu, kola wazi.

Mkewe alikuja na mkasi mdogo. Alikata kile kitanzi cha uzi mweusi, akakitupa chini.

"Mama watoto!" Besi alishtuka. "Fimbo ataniacha!"

"Simama wima. Usivimbe."

Alivuta kola. Akashika kifungo cha shaba. Bendi nzima ilinyamaza, hata mpiga ngoma. Kifungo kilifika kwenye tundu lake, kikapita, kikakaa. Akapitisha kidole kati ya kola na shingo. Nafasi ilikuwepo.

"Kiongozi," alisema, "kagua."

Fimbo alikaribia. Alitazama muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na jicho lake lilikuwa na vumbi kwelikweli.

"Shingo laini kama ya bata," alisema. "Sijawahi kuona shingo nzuri hivi. Twendeni!"

Walikwenda, wakapiga. Katikati ya wimbo ilifika ile sehemu ya besi kunyamaza. Besi alihesabu, mdomo tayari, macho kwa Fimbo. Ukumbi ulishika pumzi. Fimbo alishusha mkono, na sauti ile nene ikaingia mahali pake hasa, ikapita chini ya viti, ikapanda kwenye miguu ya watu, ikawainua wote wasimame.

Walichukua kombe. Besi alilitazama kwa jicho la fundi, akasema lehemu yake ni mbaya na atairekebisha.

Leo bado anapima damu, bado anameza vidonge vyake, bado ananiamsha asubuhi. Nasikia siku ile ya kombe kuku wa mtaa wa tatu alitaga mara mbili, kisha akacheza. Hilo msiliamini. La kifungo liaminini, maana nilikuwepo, nimesimama hatua chache tu, nimeshika matoazi yangu.